NCHI NDOGO JUU YA BARAFU



Jioni moja tulikitembelea kikundi cha wasomaji katika kijiji kimoja. Baada ya kusoma, tulikaa kidogo tukizungumza habari za dunia. Tukawaambia kwamba mwaka 2023 Bunge la nchi moja ya Ulaya lilikutana usiku, likapiga kura, likatangaza kwamba kesho yake ni sikukuu. Sababu? Timu ya nchi hiyo ilikuwa imeshinda mchezo na kuwa ya tatu duniani.

Mzee mmoja akavua miwani yake.

"Hebu ngoja, mwalimu," akasema. "Ya tatu? Si ya kwanza?"

"Ya tatu, mzee."

"Na wabunge wakaacha usingizi kwa ajili ya namba tatu?"

Watu wakacheka. Na sisi tukacheka. Lakini swali la mzee lilikuwa zuri. Siku ile hatukulijibu sawasawa, maana giza lilikuwa limeingia na watu walitaka kwenda nyumbani. Leo tunataka kulijibu kwa maandishi, taratibu, tangu mwanzo.

NCHI YENYEWE IKO WAPI?

Nchi hiyo inaitwa Latvia. Iko kaskazini ya Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki. Majirani zake ni Estonia, Lithuania, Urusi na Belarus. Mji wake mkuu ni Riga.

Latvia ni nchi ya watu wachache. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilikuwa na watu milioni 1 na laki 9 hivi. Je, hao ni wengi au wachache? Tuwapime kwa kipimo tunachokijua. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 huko Zanzibar. Basi watu wa Latvia nzima ni karibu sawa na watu wa Unguja na Pemba.

Sasa tazameni nchi ambazo Latvia hupambana nazo. Kanada mwaka 2023 ilifikisha watu milioni 40. Marekani ina watu zaidi ya milioni 330. Ni kama kijiji kimoja kupeleka timu ikacheze na mkoa mzima.

MCHEZO UNACHEZWAJE?

Mchezo tunaouzungumzia ni mpira wa magongo wa kwenye barafu. Wengine huuita hoki ya barafu. Mpira wa magongo wa uwanja wa kawaida wengi wetu tumeusikia. Huu wa barafu ni ndugu yake, lakini una mambo yake.

Kwanza, uwanja. Uwanja ni sakafu ya barafu tupu. Urefu wake ni mita 60 hivi, na upana ni mita 26 hadi 30. Umezungushiwa ukuta mfupi, ili wachezaji na kifaa wanachokipiga visitoke nje.

Pili, viatu. Mchezaji havai viatu vya kawaida. Chini ya kiatu chake kuna chuma chembamba kama kisu kilichosimamishwa kwa makali. Kwa chuma hicho anateleza juu ya barafu, anageuka, anarudi nyuma, anasimama ghafla. Mtu asiyejua akivaa viatu hivyo, hatua ya kwanza tu yuko chini! Watoto wa Latvia wengi hujifunza wakiwa wadogo, kwa sababu wakati wa baridi kali maji ya mabwawa huganda yakawa magumu hata mtu aweze kutembea juu yake.

Tatu, kinachopigwa. Katika mchezo huu hakuna mpira wa duara. Kuna kisahani kidogo cha mpira mgumu mweusi. Upana wake ni sentimita 7 na nusu hivi, na unene ni sentimita 2 na nusu. Mchezaji mwenye nguvu akikipiga kwa gongo lake, kisahani huweza kwenda kwa kasi kupita kilomita 150 kwa saa. Basi la abiria halikimbii hivyo. Ndiyo maana wachezaji huvaa kofia ngumu na kujifunga mito ya kinga mwili mzima.

Nne, watu. Kila timu ina watu 6 uwanjani: wachezaji 5 na golikipa 1. Lakini kukimbia juu ya barafu kunachosha upesi sana. Kwa hiyo wachezaji hubadilishana kila baada ya dakika 1 hivi, au hata kabla. Watano wanatoka, watano wanaingia, mchezo unaendelea. Timu nzima huwa na watu zaidi ya 20.

Tano, muda. Kuna vipindi 3, kila kimoja dakika 20. Saa husimamishwa kila mchezo unaposimama. Atakayecheza vibaya, kwa mfano akimpiga mwenzake kwa gongo au kumkwatua, refa humtoa nje akakae kwenye benchi la adhabu. Mara nyingi hukaa dakika 2. Wakati huo timu yake inabaki na upungufu wa mtu 1.

Goli lenyewe ni dogo. Upana wake ni sentimita 183 na kimo chake ni sentimita 122. Mtu mzima aliyechuchumaa, akiwa amevaa mito mikubwa miguuni na mikononi, huweza kuliziba sehemu kubwa. Jambo hili la golikipa mliweke akilini. Tutalirudia.

BARAFU INATOKA WAPI?

Bibi mmoja katika kikundi kile aliuliza: "Na wakati wa jua wanacheza wapi?"

Wanacheza ndani ya nyumba kubwa. Chini ya sakafu hupitishwa mabomba, na ndani ya mabomba hupita maji maalumu yaliyopozwa sana kwa mashine. Kazi hiyo ni kama ya friji ya dukani, ila hii ni kubwa mno. Sakafu ikisha kuwa baridi sana, humwagiwa maji kidogo kidogo. Maji yanaganda, yanamwagwa mengine, yanaganda tena, mpaka unapatikana unene wa sentimita chache.

Msidhani viwanja hivi viko Ulaya tu. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli moja mjini Nairobi. Vijana wa Kenya wakajifunza mchezo huu, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Sasa turudi Latvia.

JINA LILILOONDOLEWA

Latvia ilipata uhuru wake mwaka 1918. Mwaka 1931 ilijiunga na shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Mwaka 1933 ilicheza mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, huko Prague. Mwaka 1936 ikaenda kwenye Olimpiki ya baridi, Ujerumani. Haikuwa timu kali, lakini ilikuwa na jina lake na bendera yake.

Halafu mwaka 1940 majeshi ya Muungano wa Kisovieti yaliingia, na Latvia ikafanywa sehemu ya Muungano huo. Baadaye yakaja majeshi ya Ujerumani ya Hitler, kisha yakarudi ya Kisovieti. Tangu hapo, kwa miaka karibu 50, katika mashindano ya dunia hapakuwa na timu iitwayo Latvia. Bendera yao, yenye rangi ya damu ya mzee na mstari mweupe katikati, ilipigwa marufuku.

Je, mchezo nao ulikufa? Haukufa. Mjini Riga ilikuwapo timu iliyoitwa Dinamo Riga. Ilicheza katika ligi ya Kisovieti, na mwaka 1988 ikawa ya pili katika ligi hiyo yote. Riga ilitoa wachezaji wakubwa. Mmoja ni Helmuts Balderis, mfungaji hodari aliyekuwa na mbio za ajabu. Alikuwa bingwa wa dunia. Lakini jezi aliyoivaa ilikuwa ya Muungano wa Kisovieti. Ulimwengu ulipoyasoma matokeo, jina la Latvia halikuwapo.

Ninyi wasomaji wetu mnalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Mnakumbuka siku mlizokuwa mnaweka dole gumba kwenye karatasi. Ulikuwapo, kazi uliifanya, lakini jina lako mwenyewe hukuliandika kwa mkono wako. Na mnaikumbuka siku ile ya kwanza mlipoliandika.

TREKTA NA GOLIKIPA

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Latvia walianza kudai uhuru wao tena. Mwezi wa Januari 1991 waliogopa kwamba askari wa Kisovieti watakuja kuteka Bunge, redio na televisheni. Basi watu wakatoka majumbani. Wakulima wakaja Riga na matrekta yao, na madereva wakaja na malori ya magogo. Wakaziba barabara. Wakakoka mioto, wakakesha katika baridi kali, siku baada ya siku.

Kati ya watu waliokuwa kwenye vizuizi vile alikuwapo golikipa mmoja wa Riga, Artūrs Irbe. Alikuwa mchezaji maarufu, aliyekwisha kudaka goli la timu ya Kisovieti. Lakini siku zile alikwenda kukaa na wenzake barabarani.

Mwaka huo huo wa 1991, mwezi wa Agosti, Latvia ilipata uhuru wake kamili. Mwaka 1992 ikarudishwa katika shirikisho la dunia. Jina likaandikwa tena.

WALIANZIA CHINI

Mashindano ya dunia ya mchezo huu yana madaraja. Daraja la juu lina nchi zenye nguvu. Chini yake kuna daraja la pili, na chini zaidi la tatu. Ukishinda unapanda, ukishindwa vibaya unashuka.

Latvia haikupewa upendeleo. Mwaka 1993 ilianzia daraja la tatu. Ikashika nafasi ya kwanza, ikapanda. Mwaka 1994, katika daraja la pili, ikawa ya pili. Lakini aliyeruhusiwa kupanda ni mmoja tu, nao walikuwa Uswisi. Mwaka 1995 ikawa ya pili tena, wakapanda Slovakia. Mwaka 1996 ikawa ya kwanza. Mwaka 1997 ikaingia daraja la juu, na mwaka ule ule wa kwanza ikashika nafasi ya 7 duniani.

Miaka 2 mfululizo walisimama mlangoni wakaona mwingine anaingia. Wengine wangekata tamaa. Wao walirudi mazoezini.

Mwaka 2000 mashindano yalifanyika Saint Petersburg, Urusi. Wenyeji walikuwa na timu yenye majina makubwa. Latvia wakawafunga 3 kwa 2, mbele ya watu wao. Golini alikuwa Irbe, yule yule wa kwenye vizuizi. Mwaka 2006, katika ufunguzi wa Olimpiki ya baridi huko Turin, Italia, ndiye aliyepewa bendera ya Latvia aibebe.

WACHACHE WANAWEZAJE?

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Nchi ya watu milioni 2 kasoro inawezaje kushindana na nchi ya watu milioni 40? Tumetafuta sababu, tukaona hizi 3.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Juu ya barafu watu ni 6 kwa 6. Kanada haiwezi kuingiza milioni 40. Nchi ndogo haihitaji wachezaji hodari elfu 10. Inahitaji watu kama 25 waliofundishwa vizuri na wanaojuana. Mchezo ukiwa wa siku moja, watu 25 wanaojuana wanaweza kuwashinda 25 wenye majina makubwa waliokusanywa juzi.

Sababu ya pili ni golikipa. Mmekwisha ona kwamba goli ni dogo. Golikipa mmoja mwenye siku njema anaweza kusawazisha tofauti kubwa. Latvia imekuwa na mazoea ya kulea magolikipa, mmoja akimpokea mwingine.

Tutoe mfano. Mwaka 2014, katika Olimpiki ya Sochi, Urusi, Latvia ilikutana na Kanada katika robo fainali. Golini alikuwa kijana wa miaka 21, Kristers Gudļevskis. Wakanada walipiga mashuti 57. Kijana yule akazuia 55! Kanada walishinda 2 kwa 1 tu, na bao lao la pili lilikuja karibu na mwisho. Kisha Kanada hao hao wakachukua dhahabu.

Sababu ya tatu ni desturi. Nyumba za barafu zilikuwapo, waalimu walikuwapo, na wazee waliocheza zamani waliwafundisha vijana. Katika miaka ile ambayo nchi haikuwa na jina, kazi ya kufundisha haikusimama. Uhuru ulipokuja, ulikuta shamba limekwisha limwa. Anayengoja mvua inyeshe ndipo atafute jembe, amechelewa.

Lakini tusiseme uongo. Wachache wana udhaifu wao. Nchi kubwa mchezaji wake akiumia, wako 10 wa kumshika nafasi. Nchi ndogo akiumia mmoja, pengo linaonekana. Ndiyo maana Latvia hushindwa mara nyingi pia.

KIJANA ALIYEONDOKA

Kuna golikipa mwingine ambaye lazima tumtaje. Aliitwa Matīss Kivlenieks.

(Msitishwe na alama zilizo juu ya herufi. Walatvia wakiweka kistari juu ya irabu, maana yake sauti ivutwe. Na herufi hii, š, wanaisoma kama "sh" yetu.)

Mwezi wa Mei 2021 mashindano ya dunia yalifanyika Riga. Viti vilikuwa vitupu kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Katika mchezo wa kwanza Latvia ilikutana na Kanada. Katika mashindano ya dunia ilikuwa haijawahi kuwashinda Kanada hata mara 1. Siku ile Kivlenieks hakuruhusu hata bao 1 lipite. Latvia wakashinda 2 kwa 0. Nao Kanada, baada ya kujikwaa hivyo, waliinuka wakawa mabingwa mwaka ule ule.

Wiki chache baadaye, tarehe 4 Julai 2021, Kivlenieks alikuwa Marekani kwenye sherehe. Fataki ikaenda kombo, ikampiga kifuani. Akafa. Alikuwa na miaka 24.

Kama tulivyosema, katika nchi ndogo akiondoka mmoja pengo linaonekana. Huyu alikuwa golikipa, tena kijana, tena ndiye aliyewafungia Kanada mlango. Nchi nzima ililia.

MEI 2023

Sasa tumefika kwenye swali la mzee.

Mashindano ya mwaka 2023 yalikuwa yafanyike Saint Petersburg. Lakini mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine, basi yakahamishiwa miji miwili: Tampere nchini Ufini, na Riga. Latvia wakacheza makundi nyumbani. Kocha wao alikuwa Harijs Vītoliņš, mtu aliyewahi kuichezea Latvia mwenyewe.

Mchezo wa kwanza walicheza na Kanada. Wakafungwa 6 kwa 0. Nyumbani! Mchezo wa pili wakafungwa na Slovakia 2 kwa 1. Watu wengine walikwisha anza kusema kwamba mwaka huu hakuna kitu.

Timu haikuvunjika. Ikawafunga Ucheki 4 kwa 3 katika dakika za nyongeza. Ikaendelea kuokota pointi. Mchezo wa mwisho wa kundi ulikuwa na Uswisi, ambao walikuwa hawajashindwa hata mara 1. Latvia wakawafunga 4 kwa 3, tena katika dakika za nyongeza, wakaingia robo fainali.

Katika robo fainali walikutana na Uswidi, nchi iliyopata kuwa bingwa wa dunia mara nyingi. Golini kwa Latvia alisimama Artūrs Šilovs, kijana wa miaka 22. Waswidi walishambulia, wakashambulia. Šilovs akazuia. Mwisho wa mchezo, Latvia 3, Uswidi 1. Riga haikulala.

Nusu fainali ilichezwa Tampere, na Kanada tena. Kipindi cha tatu kilipoanza, Latvia walikuwa mbele 2 kwa 1. Wale wale waliofungwa 6! Lakini Kanada wakarudisha, wakaongeza, wakashinda 4 kwa 2. Ndoto ya dhahabu ikaishia hapo.

Tarehe 28 Mei 2023 Latvia wakacheza na Marekani kutafuta nafasi ya tatu. Marekani walikuwa hawajapoteza mchezo hata 1 mpaka nusu fainali yao. Katika kipindi cha mwisho waliongoza 3 kwa 2. Zikiwa zimebaki dakika 5 na kitu, mlinzi mmoja wa Latvia, Kristiāns Rubīns, akapiga kisahani kikaingia. Ikawa 3 kwa 3. Wakaenda dakika za nyongeza, ambapo atakayefunga kwanza ndiye mshindi. Haikupita dakika 1 na nusu, Rubīns yule yule akafunga tena. Latvia 4, Marekani 3.

Kabla ya siku ile Latvia haikuwahi kuvuka nafasi ya 7. Sasa ilikuwa ya tatu. Na Šilovs akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Usiku ule, karibu saa 6, Bunge likakutana na kutangaza tarehe 29 Mei kuwa sikukuu. Asubuhi watu wakajaa Riga, kwenye Mnara wa Uhuru. Ndege iliyowaleta wachezaji ilishuka chini ikapita juu ya umati ule, watu wakipunga bendera zao zenye rangi ya damu ya mzee. Bendera ile ile iliyopigwa marufuku.

BAADA YA SHEREHE

Tuseme ukweli wote. Nafasi ya tatu haikujenga barabara wala haikushusha bei ya vitu. Na mwaka 2024 na 2025 Latvia haikufika hata robo fainali katika mashindano ya dunia. Mchezo ni mchezo. Leo unapata, kesho unakosa.

Basi kwa nini Bunge liliacha usingizi? Tunavyoona sisi, watu wale hawakusherehekea namba tatu peke yake. Wako watu wazima kule Latvia waliozaliwa katika nchi isiyokuwa na jina kwenye matokeo. Wamewaona wazee wao wakikesha kando ya matrekta. Wamesimama mlangoni mwaka 1994 na 1995. Wamemzika Kivlenieks. Wamefungwa 6 kwa 0 nyumbani kwao. Halafu usiku mmoja wanafungua redio, wanasikia nchi 3 bora za dunia zikitajwa, na ya tatu ni yao.

Gazeti hili tutampelekea mzee wetu yule mwenye miwani. Hatutamsomea. Atalisoma mwenyewe, kisha atatuambia kama bado anaona wale wabunge wangelala tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Watu wa Latvia wanakaribia kuwa sawa na watu wa sehemu gani tunayoijua?

2. Kwa nini golikipa ana kazi kubwa kuliko wengine katika mchezo huu?

3. Timu ilishika nafasi ya pili mwaka 1994 na 1995, lakini haikupanda. Kwa nini?

4. Tumetaja sababu 3 zinazowafanya wachache waweze kushindana na wengi. Ni ipi mnayoiona kubwa zaidi? Je, iko nyingine tuliyoisahau?

5. Je, mnakubaliana na Bunge la Latvia? Wanaokubali waseme sababu zao, na wanaokataa nao waseme zao. Mmoja wenu aziandike.